Gari Lililoshika Paa

Kila mgeni aliyeingia uani kwa Shangazi aliuliza swali moja: hili gari linafanya nini hapa? Na Shangazi, pini zikiwa mdomoni na kitambaa mapajani, alijibu bila kuinua macho.

"Linashika nyumba. Ukiliondoa, tunalala nje."

Mgeni alicheka, akidhani anataniwa. Kisha alitazama juu, akaona mabomba mawili ya chuma yaliyochomelewa kwenye mgongo wa gari, yamepanda wima mpaka chini ya boriti ya kibaraza cha nyuma, na kicheko kikamkauka.

Tunasema gari, lakini tusitiane mchanga machoni. Ilikuwa fremu tu: chesisi, mbavu za bodi, na pua ndefu yenye matundu mawili ya mviringo palipokuwa na taa. Injini iliondoka zamani, milango ikafuata, viti wakavimaliza panya. Wajuzi walisema ni gari la ukoo bora, la enzi zile ambapo bati la gari ukiligonga kwa kidole linakuitikia. Shangazi hakuwa mjuzi wa magari. Alichojua ni kwamba kati ya ile pua na ukuta wa jiko palibaki upenyo wa kupita mtu mmoja, tena ubavuubavu, tena akiwa hajashiba sana. Hapo alipita na ndoo, alipita na mabeseni ya nguo, alipita na mizigo ya vitambaa vya wateja. Hata jeneza la mama yake lilipita hapo, likiwa limeinuliwa juu ya vichwa vya watu na kuinamishwa upande, na Shangazi hakuwahi kulisamehe lile gari kwa siku ile. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa na alama nyeusi isiyofutika, kwa kugonga ile pua mwaka hadi mwaka.

Baba yake Shangazi alikuwa fundi magari, na hapo ndipo mambo yote yalipoanzia. Mvua kubwa ilipoufumua ukuta wa nyuma na paa la kibaraza likaanza kulala, mtu mwingine angemwita mwashi. Baba hakuwaamini waashi. Aliamini chuma. Alilisukuma gari lake bovu, alilokuwa akiapa kulifufua, mpaka chini ya paa, akainua boriti kwa jeki, akachomelea mabomba mawili juu ya chesisi, akashusha jeki taratibu. Paa likakaa. Akajipangusa mikono kwa tambara na kuwaambia wanawe watatu, "Hii ni ya muda tu."

Ya muda tu! Ni fundi magari peke yake awezaye kuona nyumba inaanguka akaifunga kwenye gari lisilotembea. Mafundi wenzake walikuja kutazama, wakatikisa vichwa, wakamsifu. Hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba amefanya kichekesho, maana kila mmoja wao angefanya vile vile.

Siku hizo Shangazi alikuwa bado na jina lake. Alikuwa msichana mwenye mkono mwepesi kwenye cherehani, na kiwanda cha nguo cha mji mwingine kilikuwa kimemwita akafanye kazi katika chumba cha kukatia mitindo. Alikuwa ameshashona hata begi la safari, la kitambaa cha turubai, lenye vishikio viwili. Kisha mama akaugua. Shangazi akahamia hospitali, akalala sakafuni chini ya kitanda cha mama majuma mengi, na aliporudi nyumbani na mgonjwa wake alikuta ukuta wa nyuma umepigwa plasta na kupakwa chokaa.

"Pametengenezwa?" aliuliza.

"Tumeziba nyufa tu," baba alimjibu. "Paa bado liko juu ya gari. Wewe ndiye mwenye macho ya sindano, mwanangu. Uwe unaniangalizia maungio."

Basi akawa mwangalizi wa maungio. Kila msimu wa mvua alipanda stuli, akakagua mahali mabomba yalipochomelewa, akapaka oili chafu ili kutu isile chuma. Kule juu kabisa, bomba lilipogusana na boriti, baba alikuwa amezungushia mpira wa ndani wa tairi, tabaka juu ya tabaka, maji yasiingie. Shangazi hakuugusa. Kiwanda kikampa nafasi yake mtu mwingine. Begi la turubai likawekewa vipande vya vitambaa.

Mama akafa. Baba akafuata. Kaka yake mkubwa, karani wa bandari kavu, mtu wa suruali zenye mkunjo mmoja uliosimama kama wembe, alikuwa ameoa na kuhamia mbali. Mdogo wao wa mwisho, muuguzi, naye alikuwa na kwake. Wote wawili walipenda sana nyumba ya baba, kwa namna watu wanavyopenda kitu wasichokifagia. Kaka aliacha masanduku yake katika chumba kimoja na kuondoka na ufunguo. Muuguzi alijaza chumba cha pili kabati, vitanda na vyombo vya harusi ambavyo kwake havikuenea. Likizo zikifika walikuja na watoto, watoto wakapanda juu ya chesisi wakiendesha, wakipiga honi kwa midomo, na wote, hata wa muuguzi waliopaswa kumwita mama mkubwa, wakiita, "Shangazi, tazama! Shangazi, njaa!" Mwisho hata baba zao na mama zao walimwita Shangazi. Majirani wakamwita Shangazi. Wateja wenye mvi kumzidi wakamwita Shangazi. Ukimuuliza mtu mtaani jina lake halisi, angekwambia usubiri akaulize.

Naye, Mungu amlipe kwa uvumilivu wake, aliwaka moyoni na kunyamaza mdomoni. Mara moja alithubutu kumwambia kaka yake kwamba amechoka, kwamba angependa naye kuishi mahali pengine hata kwa kupanga.

"Na paa?" kaka alimuuliza. "Mvua ikija nani atayaangalia yale mabomba? Unataka kazi ya baba ianguke?"

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kaka alipanda basi jioni ile ile akiwa na kanda lake la usufi, na Shangazi akapita ubavuubavu kwenda kutia chai yake jikoni.

Mambo yangebaki hivyo hadi kaburini kama si seremala.

Seremala alikuwa mgane, mwenye karakana ya jirani, mtu mrefu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi na maneno ya mzaha yasiyoisha. Alianza kwa kuleta mashati ya kubadilishiwa kola. Akaleta suruali. Akaleta mashati yale yale tena. Yeye peke yake katika mtaa mzima hakumwita Shangazi.

"Mimi si mtoto wa kaka yako," alisema. "Wewe ni fundi, mimi ni fundi. Nitakuita fundi mwenzangu. Hilo jina jingine wape wanaotaka kupikiwa."

Shangazi alicheka hadi pini zikamtoka mdomoni, na siku ile alishona kola kichwa chini.

Sasa seremala alikuwa amepata karakana kubwa katika mji mwingine, na alipaswa kuhama mwisho wa mwezi. Alikuja akakaa kwenye benchi la wateja, safari hii bila shati lolote mkononi, akamwambia moja kwa moja kwamba angependa wahame pamoja, kwa ndoa na kwa heshima zote. Chumba cha mbele kule kilikuwa na dirisha pana. Cherehani ingekaa pale.

Shangazi alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Alitaka kwenda.

"Siwezi," alisema. "Paa."

"Paa ni mbao, na mbao ni kazi yangu. Nikusimamishie nguzo tatu pale, gari ulitoe, uwe huru."

"Gari ni la baba. Ndugu zangu hawatakubali."

"Kuna mtu ninayemjua," alisema seremala, "anatafuta fremu kama hii kwa udi na uvumba."

Kesho yake alimleta mtu huyo. Mtaani walimwita Makumbusho, kwa sababu alikusanya magari ya kale na kuyafufua, na yeye mwenyewe alivaa kofia iliyofanana na umri wa magari yake. Alilizunguka gari kimya, akalala chali chini yake bila kujali nguo, akatoka macho yamelowa.

"Mama, chesisi hii nzima," alisema. "Nzima kabisa! Nani amekuwa akiipaka oili?"

"Mimi."

Makumbusho alivua kofia. Shangazi hakujua aone fahari au aone uchungu. Alikuwa ameitunza minyororo yake vizuri kiasi cha kusifiwa.

Seremala, wakati huo, alikuwa amekwisha kuegemeza ngazi ili apime urefu wa nguzo zake. Alipofika juu, mpira wa baba ukamzuia kuona. Akauliza kama aukate. Shangazi akasita. Kisha akasema, kata.

Kisu kilipita tabaka la kwanza, la pili, la tatu. Mpira ukaanguka chini na vumbi lake. Seremala alichungulia pale, akashuka ngazi.

"Fundi mwenzangu," alisema, "hebu panda wewe mwenyewe."

Alipanda. Kati ya ncha ya bomba na boriti palikuwa na mwanga. Aliingiza kidole, kikapita. Bomba halikugusa kitu. Akahamisha ngazi kwenye bomba la pili, akakata mpira kwa mikono yake, na huko pia kidole kikapita. Boriti ilikuwa imelala juu ya ukuta wa nyuma, juu ya mkanda wa zege uliojificha chini ya plasta na chokaa, imelala raha mustarehe, na kwa muda gani? Tangu plasta ile. Tangu yeye alipokuwa akilala sakafuni hospitali.

Alishuka akaketi ndani ya gari, mahali palipokuwa na kiti cha dereva. Alilia kwa sauti, na hakujificha. Makumbusho aligeuka kutazama ukuta. Seremala alimletea maji, akakaa karibu yake.

"Msimwambie mtu," alisema Shangazi alipomaliza. "Ndugu zangu wanakuja Jumamosi. Nataka kuwasikia kwanza."

Walikuja. Aliwaita yeye, na hilo lenyewe liliwashangaza, kwa kuwa Shangazi alikuwa mtu wa kuitwa. Walikaa kibarazani, nyuma ya gari, kaka kwenye kiti cha baba, muuguzi kwenye mkeka na viatu vyake vyeupe pembeni. Shangazi aliwaeleza habari ya seremala na habari ya Makumbusho, ambazo uvumi wa mtaani ulikuwa umekwisha kuwafikishia. Hakugusia ya juu ya ngazi. Futi yake ya kupimia nguo ilikuwa inaning'inia shingoni kama siku zote.

Muuguzi alifurahi kwanza, akapiga makofi. "Hatimaye, dada'angu! Tena yule seremala ni mzuri, nimemwona." Kisha akatazama chumba chenye kabati lake, na furaha ikapungua kidogo. "Lakini vitu vyangu je? Nani atakuwa anakaa hapa?"

"Na watoto likizo wataenda wapi?" kaka aliongeza.

"Nimewaita tuamue habari ya gari," alisema Shangazi.

Kaka alikohoa. Alikuwa amejiandaa, alizungumza kwa ile sauti yake ya kuhutubia misibani. Alisema gari ni jasho la baba. Alisema wazee hawauzwi. Alisema kuoa na kuolewa ni heri, hakuna anayekataza, lakini mtu hufikiria na wengine. "Na zaidi ya yote, Shangazi, unajua wewe kuliko sisi. Hilo gari likitoka, paa linakuja chini. Ndiyo maana mimi nimefikiri sana, nikazungumza na mwenzangu hapa, tukaona haki yako usipunjwe. Tumeamua gari liwe lako. Lako kabisa, wewe uliyelitunza. Na nyumba uendelee kuisimamia mpaka Mungu atakapopenda."

Muuguzi aliinamisha kichwa kuunga mkono. Wote wawili walionekana kama watu waliotoa zawadi kubwa, na huenda waliamini hivyo.

"Gari ni langu?" aliuliza Shangazi.

"Lako."

"Mbele ya mdogo wangu unasema ni langu?"

"Nimeshasema, Shangazi. Neno langu si la kutafutiwa mashahidi."

Alisimama. Aliweka juu ya chesisi ile stuli yake ya kila msimu wa mvua, akapanda, akavua futi shingoni. Akaichomeka juu ya bomba, palipokuwa na mpira, chini ya boriti. Ikapita. Akaishika ncha ya upande wa pili na kuivuta polepole, huku na huku, kama mtu anayesugua mgongo wa mtoto kwa kitambaa. Futi ilikwenda na kurudi bila kukwama popote.

Muuguzi alifungua mdomo. Alitazama paa, akatazama futi, akatazama paa. Kisha akamtazama kaka yao, na Shangazi naye akamtazama, kwa sababu kaka hakutazama juu kabisa. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Kikulacho ki nguoni mwako, na Shangazi ndiye aliyekuwa fundi wa nguo. Alishuka bila haraka.

"Ulijua," alisema.

Kaka alijikuna shingo. "Ilikuwa wakati ule wa hospitali. Mwashi alikuja. Mimi ndiye niliyemshikia baba ngazi."

"Na mabomba mkayaacha."

"Baba alisema tuyaache. Alisema wewe umeshashona begi. Ukijua paa limekaa utaondoka, na mama mgonjwa. Alisema ni ya muda tu, mpaka mama apate nafuu."

"Mama alikufa, kaka."

"Najua."

"Baba akafa. Nilikwambia nimechoka. Nilikuwa nimesimama pale, mlangoni. Ukaniuliza, na paa?"

Kaka alijipangusa magoti kwa viganja. Mkunjo wa suruali yake ulikuwa umepotea magotini. "Ilikuwa imeshakuwa mazoea," alisema mwishowe. "Tukija tunakukuta. Nyumba iko wazi, chai ipo. Nilifikiri... sikufikiri. Nisamehe, mdogo wangu."

Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kumwita mdogo wake. Muuguzi alikuwa analia kwenye kanga yake. Shangazi hakulia, alikuwa ameshamaliza hilo. Alikuwa na hasira safi, iliyokaa sawa kifuani, na aliishangaa kwa jinsi ilivyokuwa nyepesi kuibeba.

Aliweka rundo la funguo juu ya pua ya gari.

"Gari langu linaondoka Jumatatu," alisema. "Nyumba ni yenu. Paa, kama mnavyoona, halinihitaji."

"Unatuacha?" muuguzi aliuliza.

"Siwaachi. Nawaachia."

Jumatatu asubuhi Makumbusho alileta lori na vijana wa nguvu. Waliyakata mabomba mawili kwa msumeno wa umeme, cheche zikaruka hadi ukutani, na kila mtu uani, hata waliojua, alitazama juu. Lilianguka vumbi tu. Walilitoa gari kwa kulisukuma juu ya magogo ya seremala, kupitia lango la nyuma ambalo walikuwa wameling'oa, na Makumbusho akalifunika turubai kwa mikono yake, akalifunga kamba, akamuaga Shangazi kwa kuvua kofia. Ardhi ilipokuwa chini yake ilibaki nyeusi kwa oili, ya umbo la gari, bila jani hata moja.

Seremala alibeba cherehani begani hadi kwenye mkokoteni. Shangazi alibaki nyuma kufunga begi lake la turubai, lile lile, vishikio vyake bado imara kwa sababu alikuwa amevishona vizuri. Alitoka jikoni. Alipofika pale kwenye kona aligeuka ubavu, akaingiza tumbo ndani, akainua begi juu ya kichwa, akaweka mkono kwenye nyonga ya kushoto, na kupita hatua kwa hatua akisugua ukuta wa jiko.

Seremala alikuwa langoni anamtazama.

"Fundi mwenzangu," alisema kwa sauti ya chini, "unampisha nani?"

Shangazi alisimama. Aligeuka akauona uwanja mtupu mbele yake, mpana, wa kupita watu na harusi yao na ngoma zao. Uso ulimwaka. Akarudi nyuma mpaka mlango wa jiko, akashika begi vizuri, akajaribu tena.